Ndoa ya Mwantumu na Barua za Isfahani

Kazi ya Mwantumu Kisuda ilikuwa kusimama. Asubuhi alipanda treni Manassas, akashuka Washington, akavaa koti la bluu la walinzi, akasimama katika chumba cha makumbusho mpaka jioni, akiangalia mtu asiguse vioo wala asile karanga mbele ya vitu vya watu waliokwisha kufa. Wenzake walipenda kupangiwa vyumba vya picha kubwa za rangi, maana huko watalii ni wengi na muda unakwenda. Yeye msimu ule alipewa chumba cha mwisho kwenye korido, chumba cha karatasi, na kila mtu alimpa pole.

Yalikuwa maonyesho ya maisha ya majumbani katika Iran ya zamani, tangu wafalme walipokaa Isfahani na kuendelea. Hapakuwa na taji wala upanga. Palikuwa na barua za mke kwa mume na za kaka kwa dada, hati za kugawana mirathi, malalamiko kwa kadhi kuhusu ukuta wa jirani uliolalia upande usio wake, na mikataba ya ndoa iliyopambwa maua ya dhahabu pembeni. Chini ya kila karatasi kulikuwa na tafsiri kwa Kiingereza. Wageni waliingia, wakasifu maua, wakatoka. Mwantumu alibaki, na kwa kuwa hakuruhusiwa kukaa wala kushika simu, alisoma.

Aliyempenda kuliko wote ni mama mmoja aitwaye Gauhar. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyeshinda njiani, na mwishowe akafungua duka Shirazi, akataka mke amfuate. Barua za Gauhar zilipangwa ukuta mzima. Aliandika kuhusu makomamanga yaliyooza, kuhusu mtoto aliyegoma kwenda chuoni, kuhusu shemeji mwenye mdomo. Na katikati ya hayo yote, kwenye barua iliyokunjika kona, aliandika hivi: "Umesema nije Shirazi. Barua nimeisoma, kisha nikamwita binti yako akanisomea tena, nisije nikawa nimekosea. Siji. Paa la upande wa jikoni linavuja. Leta fundi, au nipe idhini nimtafute mwenyewe."

Siku ya kwanza kuisoma, Mwantumu alicheka kwa sauti, na mtalii mmoja akageuka kumtazama mlinzi anayecheka na ukuta.

Kando ya barua hizo ulikuwepo mkataba wa ndoa ya Gauhar, na humo ndimo ilimokuwa nguvu ya neno lake. Baba yake aliandikisha sharti: mume hatamhamisha Isfahani bila ridhaa yake, wala hatamwolea mke mwenza, na akifanya lolote kati ya hayo, Gauhar ni wakili wa kujitoa katika ndoa. Chini palikuwa na mihuri ya mashahidi, midogo kama kwato za mbuzi wachanga.

Sharti lile Mwantumu alilisoma hata akaweza kulisema kwa moyo. Alikuwa na sababu.

Alizaliwa Kondoa, kwenye mitaa ya chini karibu na soko, katika nyumba ya watu wa dini waliopenda kusoma. Mume wake wa kwanza alimwoa huko akamleta Amerika. Walifikia Herndon. Mwantumu alipoanza kuizoea Herndon, akapata kazi ya jikoni hospitalini na nafasi ya kusoma chuo cha jioni, mume akasema wanahamia Ohayo. Wakahama. Ohayo akaanza upya, akapata watu wa kusalimiana nao, mume akasema wanarudi Virginia. Chuo kikampita mara zote mbili. Hakuulizwa hata siku moja. Aliambiwa tu afunge mizigo. Kisha binti yao Zaina akiwa darasa la pili, mume akaenda Dodoma kuzika mjomba, na kutoka huko akatuma ujumbe kwamba ameoa. Hakurudi, wala talaka hakutoa. Mwantumu akakaa kama nguo iliyoanikwa ikasahaulika, si mke wala si mtalaka, mpaka wazee wa pande mbili walipochoka kusikia simu zake wakambana yule bwana akaandika.

Baada ya hapo alipanga nyumba ndogo Manassas, akapata kazi ya makumbusho, akapanda mchicha na nyanya chungu nyuma ya jiko, na kuapa kwamba hapo ndipo kwake.

Aliyekusanya maonyesho yale alikuwa Dokta Mahin, mama wa Kiirani mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, mkazi wa Falls Church tangu ujana wake. Alikuja kila wiki kukagua unyevu wa vioo. Siku moja alimkuta Mwantumu ameinama mbele ya mkataba wa Gauhar, na badala ya kumpita akasimama naye.

"Nimekuona mara nyingi hapa," alisema. "Wengi hupenda ule wa pili, wenye ndege."

"Huu una maneno," Mwantumu alijibu.

Dokta Mahin akafurahi. Akaweka kidole hewani juu ya kioo, akaanza kuusoma ule mkataba kwa Kifarsi, polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa. Mwantumu hakutarajia kuelewa kitu. Lakini kati ya mawimbi ya lugha ngeni yakaanza kuibuka maneno aliyoyajua tangu utoto. Shart. Vakil. Shahed. Talaq. Na aliposhuka kwenye alama za chini, mohr.

"Rudia hilo la mwisho," Mwantumu alisema.

"Mohr."

"Sisi tunasema muhuri. Na hayo mengine ni sharti, wakili, shahidi, talaka. Hayo ni maneno ya kwetu."

"Ni ya kwetu sote," Dokta Mahin alisema, macho yakimng'aa. "Yalisafiri, kama mume wa huyu. Na jina lake je, Gauhar? Ni kito cha thamani."

"Johari," Mwantumu alisema. "Nina shangazi anaitwa Johari."

Wakasimama pale wakicheka, daktari na mlinzi, na tangu siku hiyo Dokta Mahin akija humaliza kazi yake mapema ili wapate kuzungumza. Mwantumu alimuuliza jambo lililokuwa likimsumbua: je, mume wa Gauhar alifanya nini?

"Alikasirika, nadhani. Barua zake hatunazo," Dokta Mahin alisema. "Tunachojua ni kwamba barua zote za Gauhar, mpaka za uzeeni mwandiko ulipoanza kutetemeka, ziliandikwa Isfahani. Na mume aliendelea kujibiwa. Kwa hiyo aliendelea kuandika."

Wakati huohuo alikuwepo Swalehe. Swalehe Mrisho alikuwa mtu wa Tabora, mjane, dereva wa basi la hoteli linalobeba wageni kwenda na kutoka uwanja wa ndege wa Dulles. Walijuana kwenye futari ya Watanzania, yeye akiwa amekuja na sufuria la makande aliyoyapika mwenyewe. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuja Manassas akabadilisha breki za gari la Mwantumu bila kuombwa, akamfundisha Zaina kuendesha kwenye uwanja wa maegesho uliokuwa mtupu, na mtoto yule, ambaye husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, akamwambia mama yake kwamba huyu mtu hapigi kelele hata ukipanda ukingo wa barabara.

Alipomposa, Mwantumu aliona raha mwili mzima. Kisha, katika kupanga maisha, Swalehe akataja Teksasi. Kaka yake alikuwa huko na malori mawili, anatafuta mshirika. Nyumba huko ni kubwa, ardhi ni pana.

"Si sasa," alisema. "Mwaka mmoja, miwili. Utapapenda."

Alilisema kwa wema. Hata yule wa kwanza alikuwa akisema kwa wema, mwanzoni. Mwantumu akaweka kikombe chini.

"Swalehe, nitaolewa na wewe kwa sharti. Usinihamishe hapa bila mimi kukubali, na usiniolee mwenzangu. Ukifanya hivyo, talaka yangu iwe imekwisha kutoka. Na iandikwe."

Swalehe akaweka kikombe chake pia. "Unaandaa talaka kabla ya ndoa?"

"Siandai kuondoka. Naandaa kukaa."

"Mimi si yule bwana."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia wewe. Yule sikumwambia kitu."

Swalehe akanyanyuka, akasema ahsante kwa chai, akaenda zake. Kwa siku kadhaa hakupiga simu. Mwantumu alisimama kazini kwake na moyo mzito. Mwenzake wa chumba cha jirani, Jerotich, Mkenya wa Kericho aliyekuwa akipitisha kichwa mlangoni kumsalimu, aligundua.

"Si uachane na hiyo maneno ya karatasi, dada," Jerotich alimwambia. "Mwanamume mzuri siku hizi ni ngumu kupata. Mwambie ulikuwa unajaribu yeye tu."

"Nikimwambia hivyo nitakuwa nimemdanganya," Mwantumu alisema. "Na nitakuwa nimefunga mizigo tena."

Jerotich akamgusa bega. "Basi simama hapo hapo."

Swalehe alipiga simu mwishoni mwa juma. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema wazee wakutane. Wakakutana Jumapili mchana kwa Mwantumu. Upande wa Swalehe alikuja mjomba wake, Mzee Athumani, karani mstaafu, mtu wa suti na hoja. Kaka yake Mwantumu, Idrisa, aliyekuwa walii wake, alikuwepo kwa simu kutoka Kondoa, uso wake ukiwa umeegemezwa kwenye chupa ya chai. Sheikh Nuhu, mtu wa Lamu, aliyekuwa akiwafungisha ndoa Waswahili wengi wa Virginia, alikaa katikati.

Mahari haikuwa na ubishi. Ubishi ulikuja Mwantumu alipotoa sharti lake, na alilitoa mwenyewe, amekaa wima.

"Haya mambo umeyapata wapi, mama?" Mzee Athumani aliuliza.

"Kazini kwangu. Kwenye mikataba ya zamani ya Wairani."

"Ahaa. Basi hayo ni ya Washia. Sisi si watu wa huko."

Idrisa akatoa sauti kwenye simu. "Mzee wangu, dada yangu aliumwa na nyoka, na mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi tuliomwoza mara ya kwanza hatukuandika kitu. Safari hii mimi nipo pamoja naye."

Mwantumu hakuwa amemwomba aseme hivyo. Ilibidi ainame kidogo ajifanye anapanga vikombe.

Sheikh Nuhu alisubiri wote wakatulia. "Hili si geni kwetu," alisema. "Katika madhehebu yetu pia mume aweza kuitundika talaka kwenye sharti. Sharti likivunjwa, na mke akaja na mashahidi, talaka hupita. Ila kuna jambo moja lazima nilinene mapema. Mtu hawezi kutundika talaka ya mke asiye naye. Kwa hiyo tamko haliji kabla ya akidi, laja baada yake. Mimi nitaandika karatasi, lakini siku ile, ndoa ikishafungwa, Swalehe ndiye atakayenena kwa ulimi wake na kwa hiari yake. Akinyamaza, hapana awezaye kumlazimisha, na ndoa itakuwa imeshakuwa ndoa."

Mzee Athumani akaegemea kiti, ametosheka. Kila mtu mle ndani alielewa. Mwantumu angepaswa kuingia kwanza, na mlango kufungwa, ndipo ajue kama atapewa ufunguo.

Swalehe alimwangalia Mwantumu, na Mwantumu akamwangalia.

"Nimekubali hivyo," Mwantumu alisema.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Alhamisi ilikuwa siku yake ya ofu, na Ijumaa alipofika kazini Jerotich alikuwa akimngojea kwenye makabati ya nguo.

"Huyo jamaa wako alikuja jana," alisema. "Yule mrefu, wa koti ya basi. Mimi ndiye nilikuwa nimekaa pahali pako. Aliingia saa ile ya lunch akasoma hiyo ukuta yote, kutoka mwanzo. Mimi nikamwambia kwa corner kuna benchi, akasema hapana, acha tu asimame."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza kama hiyo paa ilitengenezwa. Nikamwambia sijui. Akasema hata yeye hajaona mahali imeandikwa."

Mwantumu akafunga kabati lake taratibu. Hakupiga simu kuuliza. Alichagua kungoja.

Ndoa ilifungwa Jumamosi baada ya adhuhuri, katika ukumbi wa msikiti mdogo wa Manassas, siku ya baridi kali yenye jua. Cheti cha serikali walikwisha kukichukua mahakamani. Wanaume walikaa mbele, wanawake upande wa kushoto, na kati yao hapakuwa na pazia, kwa hiyo Mwantumu, ndani ya nguo ya zambarau iliyoshonwa Kondoa, aliona kila kitu. Pembeni yake walikaa Zaina, Jerotich aliyejifunga kitambaa kichwani kwa heshima, na Dokta Mahin, ambaye alikuja na sahani ya pipi za lozi na kukaa kitako sakafuni kama binti.

Idrisa alikwisha kumpa Sheikh Nuhu uwakili wa kuozesha, kwa simu, mbele ya mashahidi. Sheikh akasoma hotuba, akaozesha. Swalehe akajibu mara moja, kwa sauti iliyosikika, kwamba amekubali kumwoa Mwantumu binti Idi kwa mahari waliyopatana. Vigelegele vikaanza upande wa kushoto, Sheikh akainua mkono, vikatulia.

"Sasa," Sheikh alisema, akaiweka karatasi kwenye mkeka mbele ya bwana harusi, asiongeze neno.

Mzee Athumani akainamia sikio la mpwa wake akanong'ona, na Mwantumu aliona Swalehe akitikisa kichwa kidogo, kwa adabu, kumkatalia. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyetarajia. Alisimama. Hakuitazama karatasi.

"Mimi, Swalehe bin Mrisho, nasema mbele yenu kwa hiari yangu," alianza. "Nikimhamisha mke wangu Mwantumu nyumbani kwake bila ridhaa yake, au nikimwolea mke mwenza bila ridhaa yake, na yeye asiporidhia akaja kulalamika mbele ya mashahidi, basi ameachika talaka moja. Nimesema mwenyewe. Sikulazimishwa."

Hapo alipaswa kuketi. Akabaki amesimama.

"Niliona uchungu aliponiambia," aliendelea. "Nilidhani ananihesabu kuwa mtu wa kukimbiwa. Nikaenda kuzisoma zile barua. Yule mama hakuwahi kuandika kwamba anaondoka. Ameandika habari za paa, na watoto, na matunda, miaka yote, kwa mume ambaye hayupo. Nikasema, mimi nisiwe yule asiyekuwepo. Kaka yangu wa Teksasi nimemwambia atafute mshirika mwingine. Nikitaka kuhama siku moja, nitamwomba mke wangu, na akisema hapana, nitapanda nyanya chungu."

Haikujulikana nani alianza. Pengine ni Jerotich, ambaye kwao hupiga vigelegele kwa namna nyingine, mirefu na ya juu. Wanawake wote walimfuata, wakasimama, na Dokta Mahin naye akaweka kiganja mdomoni akatoa sauti ya harusi za Isfahani, ambayo, mtu akiisikiliza, ni vigelegele vilevile. Zaina alikuwa akilia na kucheka, akamwambia mama yake kwa Kiswahili, kikiwa kimepinda lakini cha kutosha, "Mama, umeshinda."

Mwantumu alitaka kumwambia kwamba hakukuwa na aliyeshindwa, lakini kwa kweli alijihisi mshindi, toka kisigino hadi utosi. Alivuka mstari uliotenga wanawake na wanaume, akapiga magoti mbele ya mkeka, akasoma karatasi yote bila haraka, mstari kwa mstari, watu wakimsubiri, akatia sahihi. Swalehe akatia yake. Sheikh akatia yake kama shahidi wa kwanza, akauliza nani wa pili.

"Mimi," alisema Mzee Athumani, akitoa kalamu yake ya ukarani mfukoni. "Niliipinga, na sikubaliani nayo hata sasa. Lakini tamko nimelisikia kwa masikio yangu, na likiulizwa nitasema kweli." Akaandika majina yake yote matatu, kwa mwandiko mzuri kuliko wa wote.

Wakala pilau na kachumbari mpaka alasiri. Sheikh Nuhu, akiwa ameshika sahani, alimwuliza Dokta Mahin maswali mengi kuhusu makadhi wa Isfahani, na yule mama akamjibu yote.

Maonyesho yalikwisha majira ya machipuko na karatasi zikarudishwa zilikotoka. Mwantumu akahamishiwa chumba cha vinyago, na mwezi wa tisa akaanza tena chuo cha jioni, safari hii akisomea utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka, Dokta Mahin akiwa amemwandikia barua ya kumpendekeza. Swalehe humpeleka na kumrudisha siku ambazo treni zimekwisha.

Huko msikitini, Sheikh Nuhu sasa kila akiletewa wachumba huwakalisha kwanza, akamtazama bibi harusi mwenyewe, si walii wake, akamwuliza kama ana sharti. Wengine husema hawana. Juzi msichana mmoja wa Ujiji, anayefanya kazi ya kompyuta Herndon, alijibu kwamba anayo matatu, na Sheikh akavaa miwani yake, akafunua karatasi safi, akamwambia aanze na la kwanza.